Tairi Lenye Meno Mazuri

Miili miwili ililazwa kando ya barabara ya changarawe, chini ya shuka moja la kijani ambalo mpita njia mmoja alikuwa amelivua mabegani mwake. Shuka halikutosha. Upande mmoja zilitokeza buti za dereva. Upande wa pili ulitokeza mguu wa mwanamke uliovaa kiatu cha plastiki kipya kabisa, kibandiko cha dukani kikiwa bado kisiginoni.

Inspekta Alice Akidor hakuhitaji kufunua. Siku mbili zilizopita mwenye kiatu alikuwa amemwambia kwa simu kwamba anakwenda kununua viatu, kwa sababu haoni vizuri kuingia mahakamani na akala, ndala za matairi.

"Ajali, Afande," alisema Koplo Mutea wa trafiki. "Tairi imepasuka, gari ikabiringika mara tatu. Ajali haina kinga."

Akidor aliuchukia msemo huo. Katika miaka kumi na sita ya kazi alikuwa ameona kinga nyingi sana ambazo watu waliziacha nyumbani.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi alasiri, kilomita chache kabla ya kufika Gotu ukitokea Merti. Land Cruiser nyeupe ililala chali kati ya mawe meusi. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limechanika ubavu mzima, nyaya zake zimechomoza nje. Matairi mengine matatu hayakuwa yamepasuka.

Marehemu dereva aliitwa Lokaale Esekon, mtu wa miaka kumi na moja barabarani bila hata mkwaruzo. Marehemu wa pili alikuwa Tiya, mjane wa Korbesa, na huyo ndiye Akidor alikuwa akimngojea Isiolo.

Miaka miwili nyuma, mtoto wa pekee wa Tiya, Jattani, alichomwa kisu kwenye soko la mifugo la Isiolo, watu wakifunga biashara na vumbi limetanda. Mama peke yake ndiye aliyeona. Kijana mmoja mpakiaji wa mbuzi, Ekitela, alikamatwa papo hapo shati lake likiwa na damu. Alidai alikuwa anamwinua majeruhi. Akidor ndiye aliyeipeleleza kesi, na hakumsadiki. Kwenye gwaride la utambulisho Tiya alimgusa bega kijana huyo, na mambo yakaishia hapo. Kesi ikaahirishwa mara sita. Mara ya mwisho jaji alionya kwamba shahidi asipofika Ijumaa hii, mashtaka yatatupwa na Ekitela ataenda zake.

Tiya aliiogopa safari ndefu. "Mama Jattani, usihofu," Akidor alimwambia. "Nitakukodishia gari zuri na dereva mwenye akili. Utafika."

Jumatatu mama alimpigia tena. "Alice, mimi nakuja. Niko na neno, lakini hiyo neno si ya simu. Nitakuambia tukionana macho kwa macho." Akidor alicheka, akadhani mama anataka tu kushikwa mkono.

Sasa alivuta pumzi akaanza kazi, maana kulia kungengoja.

"Koplo, spea iko wapi?"

"Hii hapa. Lakini haina upepo. Valvu imelegezwa."

"Na jeki?"

Mutea alitafuta nyuma ya viti, chini ya viti, na mawe yote ya karibu. Alirudi mikono mitupu. "Hakuna, Afande."

"Spana ya magurudumu?"

"Iko."

Akidor alisimama. Dereva anayekwenda Merti bila jeki ni sawa na mchungaji anayekwenda malishoni bila kibuyu. Na Lokaale hakuwa mtu wa namna hiyo.

"Piga picha zote," alisema. "Tairi hili litiwe lebo kama kielelezo. Gari likiburutwa mpaka kituoni, lifunikwe turubai. Na usimwambie mtu yeyote ni tairi lipi lililopasuka. Hata mke wako."

"Sina mke, Afande."

"Basi kazi imekuwa rahisi."

* * *

Asubuhi ya Alhamisi, nje ya kituo cha polisi cha Isiolo, watu wapatao hamsini walikuwa wanapiga kelele. Ndugu wa Lokaale walimtaka fundi wa tairi. Habari ilikuwa imeshasambaa kwamba tairi ndilo lililoua, na kila mtu alijua ni nani aliyekagua magurudumu ya gari hilo kabla ya safari.

Fundi mwenyewe alikuwa seli namba mbili. Aliitwa Denge, mzee wa Kiborana mwenye kibanda kando ya barabara ya kwenda Marsabit. Zamani alikuwa na ngamia arobaini. Ukame uliwamaliza wote, naye akabaki na mikono yake na ndoo moja ya maji ya kutafutia matundu.

"Mzee, ulitengeneza gari la Lokaale?" Akidor alimuuliza.

"Mimi nilikagua Jumatatu asubuhi. Kukagua na kutengeneza si kitu moja."

"Ukaona nini?"

"Tairi tatu mzuri. Ya mbele kushoto kipara. Nikaambia Njeru, fundi mkubwa wa karakana ya hiyo gari: hii itolewe, ama ipelekwe nyuma. Akasema sawa. Mimi nikaenda."

"Watu wanasema uliwafungia tairi mbovu."

"Watu walisema pia mvua itanyesha Machi." Mzee alipangusa uso. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na alijaribu kuificha katikati ya magoti. "Leta hiyo tairi nione. Daktari hapimi mgonjwa kwa kuambiwa."

Tairi likaletwa, limetolewa kwenye rimu. Akidor hakusema lilitoka upande gani. Denge alichuchumaa, na mara tu alipoligusa, mikono yake ikatulia.

Koplo Mutea alikuwa amesimama mlangoni. "Hii si mbaya, mzee. Angalia meno yake, kama mpya!"

"Nyinyi wa mjini mnaangalia meno," Denge alijibu bila kugeuka. "Meno inaonyesha umri peke yake. Ng'ombe anaweza kuwa na meno mazuri na kesho akafa. Ugonjwa iko kwa mbavu." Alipitisha kidole gumba ubavuni, pole pole, akakandamiza, akasikiliza, akasogea. "Ikidungwa hapa juu, kwa meno, mimi naziba na unaenda. Ikikatwa hapa mbavuni, hakuna daktari. Hapa ndio inajikunja kila ikizunguka. Hata ukishona, inafungua."

Aliingiza mkono ndani akavuta kipande cha mpira kilichobanduka. "Ona. Mtu ameweka kiraka ndani, halafu akatia tyubu. Hii inashika upepo. Kilomita mia, mia mbili, pengine zaidi kama mzigo ni mdogo. Ikipata joto na uzito, kwisha."

"Wewe ndiye uliyeweka kiraka?"

Kidole cha Denge kilikuwa kimesimama mahali fulani, upande ule ambao, tairi likiwa garini, huelekea ndani pasipoonekana. Aliomba petroli kidogo na kitambaa. Akasugua. Gundi nyeusi ikaanza kutoka, na chini yake ikaonekana alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: mistari miwili na duara.

Uso wa mzee ukabadilika.

"Hii tairi ilikufa," alisema. "Wiki tatu zimepita. Mimi mwenyewe niliiua."

"Eleza."

"Hii ni alama ya ngamia ya baba yangu. Siku hizi sina ngamia wa kuchoma. Kwa hivyo tairi ikikufa, naichoma hiyo alama, mtu asiuzie mwingine. Kila dereva wa hii barabara anajua. Ukiona alama ya Denge, hiyo tairi ni ya kukatwa akala tu." Alimtazama Akidor machoni. "Huyu mtu alijua. Ndio maana alijaza gundi na akageuza ndani."

Neno ajali lilikuwa limekufa.

"Tairi zako zilizokufa zinaenda wapi?"

"Zote kwa Sahra."

* * *

Kabla ya kutoka, Akidor alimpigia Mako, mdogo wake Tiya, mwenye duka na lori Korbesa. Mako alipokea akiwa analia, akasema yuko njiani kuja kuchukua maiti ya dada yake akaizike.

"Pole sana, ndugu yangu. Nakuuliza jambo moja tu. Jana asubuhi, Lokaale aligusa magurudumu?"

"Ndiyo. Mbele ya duka yangu. Aliangalia ile ya mbele, akasema, 'Mama ya watu simbebi na tairi kipara.' Akataka kuweka spea, spea haina upepo. Akatafuta jeki, jeki hakuna. Alitukana sana! Nikampa jeki ya lori. Basi akabadilisha: ile ya nyuma kushoto ilikuwa na meno mazuri, akaileta mbele. Kipara ikaenda nyuma."

Akidor alifumba macho. Kila dereva wa barabara ile huweka tairi zuri mbele. Hata yeye angefanya hivyo. Lokaale alikuwa amekufa kwa sababu ya uangalifu wake, na hilo lilimuuma kuliko uzembe wowote aliowahi kuuchunguza.

"Afande," Mako alisema, "kuna jambo lingine..." Lakini simu ikakatika. Kule mtandao huja ukipenda.

* * *

Sahra alikuwa ameketi sokoni katikati ya rundo la matairi, kisu kikali mkononi, akikata soli.

"Salaam aleikum, Mama Sahra."

"Aleikum salaam, Afande. Umekuja kununua ama kukamata?"

"Leo kuuliza. Kuna mtu alinunua tairi nzima kwako, yenye alama ya Denge?"

"Mmoja tu. Watu hununua akala, hawanunui tairi. Ni Njeru wa karakana. Jumatatu, baada ya swala ya adhuhuri."

"Alisema ni ya nini?"

"Ati anaipasua katikati, awawekee mbuzi maji." Sahra aliweka kisu chini. "Nikamwambia chukua hii imeisha meno, ni laini kupasua. Akakataa. Akachagua ile moja iko na meno kama mpya. Mimi nikashangaa: sasa mbuzi anakunywa maji na meno ya tairi?"

Koplo Mutea alitaka kucheka, lakini alipomtazama Akidor akaacha.

Njeru aliishi Burat, kwenye shamba dogo la mahindi na sukuma. Walikwenda na hati ya upekuzi. Hapakuwa na mbuzi. Hapakuwa na zizi, wala kinyesi cha mbuzi, wala kamba. Ghalani, chini ya magunia, walikuta tairi zima lisilo na kasoro, na kando yake jeki iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: L.E.

Mutea aliishika kwa glavu, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo. "Tumempata, Afande."

"Tumepata mkono wake. Sijajua moyo wake ulitaka nini. Alikuwa na ugomvi gani na Lokaale?"

"Hakuna. Karakanani wote wanasema walikuwa wanakula sahani moja."

Akidor aliwaza garini mpaka wakakaribia mjini. Kama Njeru hakuwa na neno na dereva, basi neno lilikuwa na abiria. Na ni nani duniani aliyenufaika Tiya asipofika Ijumaa? Mtu mmoja tu, naye alikuwa rumande.

"Koplo, pitia gerezani. Waombe daftari la wageni la Ekitela."

Nusu saa baadaye Mutea alirudi na picha kwenye simu. Mama wa Ekitela alikuwa amefariki zamani. Hakuna jamaa aliyeandikwa. Lakini kila Jumapili, kwa miaka miwili bila kukosa hata moja, mgeni yule yule alikuwa ametia sahihi. Kwenye safu ya uhusiano ameandika: rafiki. Jina lake: Njeru.

* * *

Njeru alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano, mfupi, mikono yenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga. Aliketi chumba cha mahojiano akiwa amenyooka.

"Ulijua gari lile linaenda kumchukua nani?" Akidor alianza.

"Nilisikia ni shahidi."

"Ulibadilisha tairi lolote?"

"Hapana. Denge ndio alikagua. Muulizeni yeye."

"Sahra anasema ulinunua tairi lililokufa."

"La mbuzi."

"Mbuzi wako wangapi?"

"Nataka kuanza kufuga."

"Na jeki ya Lokaale ghalani kwako, nayo utaifuga?"

Njeru aliishusha mikono chini ya meza.

Akidor aliinuka, akazunguka meza, akasema taratibu kama mtu anayesoma shtaka. "Basi nikuambie ulichofanya. Ulichukua tairi ukijua ubavu wake umekatika. Ukatia kiraka na tyubu. Ukaficha alama kwa gundi. Kisha ukalifunga mbele kushoto, hapo hapo chini ya kiti cha mama, ili likipasuka gari liwe kasi, lipinduke, wafe wote wawili."

Njeru alinyanyua kichwa kwa ghafla. "Mbele?"

"Mbele."

"Hapana! Hapana, Afande! Nani anaweka tairi kama hiyo mbele? Hiyo ni kuua! Mimi niliweka nyuma!"

Neno lilipotoka, hata yeye mwenyewe alilisikia. Midomo ikabaki wazi. Koplo Mutea, aliyekuwa anaandika, aliacha kalamu hewani.

"Endelea," Akidor alisema.

"Niliweka nyuma," Njeru alirudia, sauti imepungua. "Ya nyuma ikipasuka, dereva mzuri anashikilia, gari inayumba, inasimama. Spea haina upepo. Jeki hakuna. Ile barabara inaweza kukaa hata siku mzima bila gari. Nilitaka walale njiani. Siku moja tu, Afande. Ijumaa ipite."

"Ndiyo maana hukuchagua tairi kipara."

"Kipara ya pili Lokaale angeikataa; ile ya mbele nilimwambia nitabadilisha akirudi. Alikuwa anaangalia sana. Nilitaka ile itampendeza macho."

"Ilimpendeza. Akiwa Korbesa aliitazama tena ile kipara ya mbele, akaona mama wa watu hastahili kubebwa hivyo. Akaazima jeki ya lori. Akaitoa hiyo yako nyuma kwa mkono wake, akaileta mbele."

Njeru aliinamisha paji la uso mpaka likagusa meza.

"Miaka thelathini," hatimaye alisema, akiwa bado ameinama. "Miaka thelathini nawaambia madereva: tairi mzuri mbele. Mimi ndio nilimfundisha Lokaale."

Akidor alimwacha. Chuki aliyoingia nayo chumbani ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, na hakukipenda hicho kitu.

"Ekitela ni nani wako?"

"Mtoto wangu."

"Hana jina lako."

"Mama yake alikuwa wa hapa Burat. Sikumuoa. Nilikuwa na bibi nyumbani, nikaogopa. Mtoto akapewa jina la babu yake." Alijipangusa kwa mkono wenye grisi, ukamwachia doa jeusi shavuni. "Alikua hapa mjini akinipita njiani. Alianza kuniita baba siku nilienda kumuona gerezani. Sasa Afande, mtu ananiita baba mara ya kwanza akiwa kifungoni, mimi nifanye nini? Hakuua huyo kijana. Aliniapia. Lakini mama alimgusa bega, nani atamuamini mpakiaji wa mbuzi? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Tiya alikuwa nani?"

Njeru aligeuza uso ukutani.

"Nakuuliza. Tiya alikuwa nani?"

"Mzazi," alisema.

Afisa wa cheo cha juu zaidi, asiyehusika na upelelezi, aliitwa kuandika ungamo, kama sheria inavyotaka. Njeru alisomewa onyo, akasema amelielewa, akayarudia yote bila kubadilisha hata neno.

Denge aliachiliwa jioni hiyo hiyo. Ndugu wa Lokaale waliokuwa langoni walimpisha njia, mmoja wao akavua kofia. Mzee alisimama mbele ya turubai.

"Hiyo tairi mtapeleka wapi?"

"Ni kielelezo, mzee. Itakaa na sisi mpaka kesi iishe."

"Andikeni mahali kwamba imekufa," alisema Denge. "Mara ya kwanza niliandika mimi, haikutosha."

* * *

Ijumaa, saa mbili kasorobo asubuhi, Mako alikuwa nje ya chumba cha maiti. Daktari alikuwa amemaliza uchunguzi, na wanawake wa msikiti walikuwa wamekwisha kuuosha mwili na kuuvika sanda. Akidor alimpa mkono, akamweleza kila kitu, jina la mtu na sababu yake.

Mako alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye saruji.

"Mtoto wake?" aliuliza. "Ekitela ni mtoto wake?"

"Ndiyo."

"Afande, jana simu ilikatika. Nilitaka kukuambia. Dada yangu hakuwa anakuja kumfunga huyo kijana."

Akidor hakuelewa. Au alielewa mara moja, ila mwili wake ukakataa.

"Alikuwa anakuja kusema si yeye," Mako aliendelea. "Miaka miwili hakulala. Alisema siku ya gwaride aliona wanaume wanane, macho yamejaa machozi, na huyo mmoja alikuwa amevaa shati la rangi ile ile kama ya muuaji. Akamgusa. Baadaye picha ikaanza kumrudia. Aliyemchoma Jattani alishika kisu kwa mkono wa kushoto, na alikimbia. Huyu hakukimbia. Huyu alipiga magoti, akamshika mtoto kichwa. Alisema, 'Mako, nimemfunga mtu aliyemshika mwanangu kichwa. Sitakufa na hiyo.' Alitaka kukuambia wewe kwanza, kwa sababu ulimtendea vizuri. Hakutaka usikie mbele ya watu."

Neno lisilo la simu. Akidor alilikumbuka, na alikumbuka pia kwamba alicheka.

Ile faili alikuwa ameipenda tangu siku ya kwanza. Shati lenye damu, shahidi wa macho, bega lililoguswa: meno yake yote yalikuwa mazuri. Hakuwahi kuipitisha kidole ubavuni. Hakuwahi hata kuuliza Ekitela anatumia mkono upi. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio, na hapakuwa na mtu wa kumsukumia.

"Utaandikisha taarifa?" alimuuliza Mako.

"Nitazika kwanza. Kisha nitaandika."

"Jaji anakaa saa tatu. Nakuomba."

Mako alitazama mlango wa chumba cha maiti, akainuka. "Basi tuandike. Yeye ndiye aliyetaka."

Waliandika kwenye benchi, kurasa mbili. Chini yake Akidor aliongeza taarifa yake mwenyewe, ya jinsi alivyoendesha upelelezi na alichokosa kukiuliza. Alijua thamani ya karatasi hizo. Maneno ya marehemu yaliyosikiwa na ndugu yake ni mepesi mbele ya sheria. Taarifa ambayo marehemu mwenyewe aliitia kidole gumba miaka miwili iliyopita, inayomtaja Ekitela, ilikuwa ndani ya faili, nzito na safi. Na sasa mwendesha mashtaka angeweza kuomba isomwe, kwa kuwa shahidi ameuawa ili asiseme.

Alirudi kituoni, akaenda seli. Njeru aliruka kusimama, akashika vyuma.

"Afande, leo ni Ijumaa. Shahidi hayupo. Mtoto wangu anatoka?"

Angeweza kumwacha aendelee kutumaini mpaka jioni. Lakini alikuwa ameshachoka na mambo yaliyofichwa upande wa ndani. Akamwambia yote, kwa sauti ya chini: mkono wa kushoto, kichwa cha Jattani, neno lililokuwa likisafiri kutoka Korbesa.

Njeru alimsikiliza bila kupepesa macho. "Alikuwa anakuja kumtoa," alisema.

"Ndiyo."

"Na sasa ni nani amebaki wa kusema?"

"Karatasi ya kwanza, ile inayomtaja mwanao. Na mimi. Nitasimama kizimbani niseme nilikosea. Sijui kama watanisikiliza."

"Kwa hivyo ningekaa tu..." Alikaza vidole kwenye vyuma. "Afande, kama ningekaa tu, niache hiyo tairi mahali yake..."

"Ungekaa tu," alisema Akidor.

Njeru aliachia vyuma, akarudi nyuma hatua moja moja mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Ilipofika saa tatu kasorobo, Akidor alichukua faili. Koplo Mutea alikuwa amewasha gari la kituo na kumfungulia mlango. Akidor alilizunguka lile gari, akainama mbele ya kila gurudumu, akakandamiza kila ubavu kwa kidole gumba. Yote yalikuwa mazima. Hata hivyo alimwambia Mutea azime, akaenda mahakamani kwa miguu.